Kondoo wa Mama Mkwe

Mama mkwe,

Mimi nina miaka themanini na minne. Ndugu zangu wote nimewazika. Sajini aliyetufundisha kazi, nimemzika. Hata lile gari jekundu la zimamoto, nililiona likiingia Kakamega liking'aa na nimeliona likiuzwa chuma chakavu. Nilidhani wewe peke yako hutakufa, na mwaka jana ukafa.

Ukiacha siku ile moja, hii ni mara ya kwanza nakuambia neno bila kupitia kwa mtu. Ukiwa hai ningeanzaje? Shule yangu ni ya darasa la tatu, kwa hiyo usitafute herufi zilizonyooka.

Habari za huku. Shadraka mwanao ameipaka nyumba yako rangi ya kijani, rangi ambayo wewe ungeikataa. Mke wangu Rebeka anaendanga kila mwezi kung'oa magugu kaburini kwako. Akirudi haongei mpaka amalize chai. Mimi nabaki. Siku ya mazishi pia nilibaki nje ya ua, kofia mkononi, wakwe wengine wakinipita kuingia. Nyimbo nilizisikia. Udongo sikutupa.

Sababu unaijua, lakini wacha niiandike, maana wajukuu zako wanaisimulia vibaya.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Walipotafuta vijana wa zimamoto walitupanga uwanjani tukiwa wengi, na mimi nikaitwa wa kwanza. Musa wa Mumias atakuambia ni yeye aliyeitwa wa kwanza. Anadanganya. Sajini alitufundisha kuokoa mtu. Tulibebana sisi kwa sisi kuzunguka uwanja, mtu begani kama mbuzi, mkono wako mmoja umemkaza, mwingine uko huru kushika ngazi. Mimi nilipewa Musa, na Musa alikuwa mtu wa kula. Sajini akinifuata nyuma: "Wee! Huyo ni mtu ama ni gunia la mahindi? Mbebe kama ana mama!"

Kisha akatufunga vitambaa machoni, akatuingiza kwenye ghala lenye moshi wa majani mabichi. Tambaa, hewa nzuri iko chini. Mkono wa kushoto usiachie ukuta. Ita, halafu nyamaza usikilize. "Ita kwa nguvu!" alikuwa anasema. "Mtu aliye motoni akisikia sauti, anaifuata!" Lakini Sajini alikuwa mtu wa mbali. Hakutujua sisi.

Ile alasiri jirani yako alikuja na baiskeli, jasho tupu, kwamba kule Mukumu kwa kina Rebeka kunaungua. Tulikuwa bado wanafunzi, lakini gari lilikuwa na maji, Sajini akasema pandeni. Tulipofika, nyasi za paa zilikuwa zinawaka upande wa jikoni. Shadraka anarusha maji kwa ndoo huku analia. Akasema umerudi ndani kuchukua cherehani. Musa akashika mpira wa maji. Mimi nikaingia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa hodari kuliko wote.

Nikatambaa. Nikaita vile nilivyofundishwa: "Mama! Uko wapi? Njoo huku!" Nikakusikia ukikohoa karibu kabisa, nikafurahi. Halafu nikasikia miguu yako inaenda. Inaenda mbali na mimi.

Ulikuwa umeijua sauti yangu. Na kwetu mama akisikia sauti ya mume wa binti yake, anatoka njiani, anajificha, wasije wakaonana uso kwa uso. Mama, moshi ulikuwa unakuua na bado ukanipisha! Ukaingia chumba cha ndani, kule kule moto ulikokuwa unaelekea. Nikaita tena kama mjinga. Ukasogea tena.

Hapo ndipo nilipotumia kichwa changu, nikaweka cha Sajini kando. Nikanyamaza. Nikafuata ukuta kimya kama mwizi mpaka mkono wangu ukagusa unyayo wako. Ulikuwa umeanguka nyuma ya kitanda. Nikavuta blanketi, nikakufunika kichwa mpaka magotini, wewe usinione na mimi nisikuone, nikakuweka begani. Ulikuwa mwepesi kuliko Musa. Njia nzima ulinipiga ngumi mgongoni, na kila ngumi nilishukuru, maana maiti hapigi mtu.

Tangu siku hiyo Sajini aliongeza neno kwenye somo lake: kabla hujaita, uliza walio nje aliye ndani ni nani wako. Somo hilo ni langu, hata kama hakulitaja kwa jina langu.

Wazee wakakaa. Wakasema mkwe amemgusa mama mkwe, alete kondoo wa kusafisha, ndipo akanyage tena boma hilo. Nikakataa. Nikawaambia nilikuwa nimevaa sare, aliyembeba ni serikali, kondoo mkamdai serikalini. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wewe hukucheka. Ulimtuma Rebeka: "Mwambie serikali haina mabega. Mabega ni ya mkwe wangu, na kondoo wake nitamngoja."

Ukangoja. Na mimi nikangoja uchoke. Kila Krismasi ulikuwa unanitumia ingokho, kuku aliyepikwa mzima, na firigisi yake ya heshima imewekwa juu ili nisiikose. Nilikuwa nikila nikimwambia Rebeka: unaona, mamako ameshaanza kulegea.

Krismasi hii hakikuja kitu. Nilikaa mezani nikiangalia mlango. Rebeka akaniambia, "Basi mzee, umeshinda. Kula ushindi wako." Mama, hauliki.

Nimefikiri sana tangu hapo. Mimi nilimwona yule kondoo kama faini, kama mtu aliyekamatwa. Labda wewe hukutaka faini. Labda ulitaka tu nipate njia ya kuingia, nikae uani kwako na wanao, unisikie nikicheka wewe ukiwa jikoni. Sijui. Sikubali kwamba nilikosa, hata leo, na ukiungua tena nitakubeba tena. Lakini mimi ndiye niliyekutoa motoni, na kaburi lako sijaliona.

Kwa hiyo Jumamosi naleta kondoo. Ni dume jeupe, nimelichagua mwenyewe, na mwenye soko alikiri kwamba najua wanyama. Nitalivuta kwa kamba kwa mkono wangu, nipitie lango la mbele. Shadraka amekubali kuwaita wazee. Wakimaliza yao nitasimama pale ulipolala, nitupe udongo wangu uliochelewa. Na kila mwezi nitakuja na Rebeka, magugu nitang'oa mimi, maana yeye anaacha mizizi.

Lala, Mama. Ukinisikia nakuja, usinipishe.

Kama kuna anayebisha haya, Musa bado yuko hai Mumias, masikio yamekufa lakini ukimpigia kelele atajibu. Shadraka aliniona nikitoka na blanketi begani. Na Rebeka amesimama hapa nyuma yangu, amesoma yote. Anasema ni kweli tupu isipokuwa mahali pamoja. Nimemuuliza ni wapi, amekataa kunionyesha.

Mkwe wako,
Yohana