Tumbo la Pili la Kangaruu

Vitongoji, Jumatano usiku, 1961

Kitoto cha mpwa wangu Mwanakombo kimezaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, hata kulia hakiwezi. Hofu ninayo, lakini mjomba mtu hakosi neno.

Nikamwambia Mwanakombo kwamba mbuzi humkuza mwanawe tumboni mpaka akamilike. Kangaruu, mnyama wa Australia, humzaa kiasi cha kunde, mwana akapanda mwenyewe hadi mfuko wa tumboni kwa mamake, akang'ang'ania chuchu, akakulia humo. Nilimwona melini Mombasa. Nusura anipe mkono.

"Mie mfuko n'nao wapi, mjomba?"

"Kifua chako na kanga."

Mkunga wetu, Bi Time, akacheka. "Muongo wee." Lakini akakifunga kitoto kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi.

Magharibi Bi Time akaniuliza, "Huyo mnyama wako, mwanawe hutoka lini?"

Sijui. Nikamjibu, "Akishiba."

Kimeanza kunyonya.