Mahali Mama Kelele Alipogeuza Kichwa

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi mzima. Leo natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya ukoo wote, walio hai na waliotangulia, kwamba nimenunua kalamu.

Ni ya kuandikia kitabu. Mchana napiga pasi mashuka ya hoteli. Jioni naandika habari za mji ulio mgongoni mwa mwezi, ambako watu hupeleka vivuli vyao kwa dobi. Siku moja dobi anakuta kivuli kisicho na mwenyewe, nacho kinapumua. Sura ya kwanza hiyo hapo. Usimwonyeshe mtu.

Binti yako

20 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Miguu ingali yangu, nashukuru.

Sijamwonyesha mtu. Nimewasomea tu, hapa saluni, wasichana wakisuka, maana redio imekufa. Kivuli kilipobisha hodi, yule mteja wetu tunayemwita Mama Kelele aligeuka ghafla, kitana kikaenda kwingine. Mstari wa kichwani umepinda kama njia ya mbuzi, na ananilaumu mimi.

Kasoro ni moja: sura imeisha kichwa hakijafika nusu. Zinazofuata ziwe za kichwa kizima.

Shangazi yako

11 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na salamu kwa wasusi wote. Kaa chini kwanza. Mswada niliupeleka kwa mchapishaji, na mhariri ameupenda. Ameupenda, shangazi. Nilipousoma ujumbe wake niliunguza shuka.

Ila anauliza nani kanifundisha kuandika sura ndefu kama msiba. Niliona haya kumtajia saluni. Anataka zikatwe vipande kabla mwezi haujaisha, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine. Najaribu, lakini kila nikikata, kipande kinakufa mkononi. Nikishindwa, basi, maisha yangu ni mashuka.

Binti yako

17 Mei

Binti yangu,

Marahaba, na uache kulialia. Nakurudishia nakala za sura zote ulizonitumia. Utaona alama nyeusi pembeni. Ni wanja, kalamu sikuwa nayo. Kila ilipo alama, Mama Kelele aligeuza kichwa na msusi akafumua, akaanza upya. Nilikuwa natia alama ili nijue nani wa kulaumiwa tukichelewa kufunga.

Kata hapo. Mwenyewe nimemweleza, akasema, "Kumbe shingo yangu ina elimu." Tangu hapo hatupumui.

Shangazi yako

2 Juni

Shangazi wangu,

Shikamoo mara mia. Nimekata penye wanja, kote. Mhariri aliusomea mswada kwenye basi, akapitiliza kituo chake, akarudi kwa miguu akisoma. Amesema ndiyo. Kinachapishwa! Fundi wa mashine za kufulia amenibeba juu juu, msimamizi akauliza kuna moto wapi. Mwambie Mama Kelele asukwe bure, nitalipa mimi.

Binti yako

9 Desemba

Binti yangu,

Marahaba, mwandishi. Sisi wazima. Vitabu vimefika. Wasichana waliacha vichwa vya watu wakakimbilia boksi. Mama Kelele amepiga picha akiwa amekumbatia kimoja, amewatumia hadi wakwe. Jina lako liko juu, kubwa, linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Jalada lina picha ya farasi. Tumesoma mpaka ukurasa wa mwisho. Farasi hayumo.

Shangazi yako