Kumzuia Zabron kwa Mkia Wake

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo mimi, Tusekile wa Ilomba, nikiwa na akili timamu na bando la siku moja, natangaza rasmi: barua pepe za kampuni ya mbolea anayofanyia kazi Zabron ni marufuku kwenye akaunti yangu. Mwanamume alileta posa kwetu, akapotelea Iringa, simu hapokei — lakini kila asubuhi: "Mpendwa Tusekile, je, udongo wako uko tayari?" Jina lake chini, picha yake inacheka. Udongo wangu!

Jumanne, 4 Machi
Zimeingia nne! Jana nilizuia anwani yenye ofa. mbele, leo zinatoka kwenye habari., msimu., m2. Kichwa cha anwani wanabadilisha, mkia ni ule ule, shambanyota.co.tz. Kukimbia anajua.

Jumatano, 5 Machi
Lutengano anataka kuleta posa. Baba kagoma. Kwanza mshenga wa Zabron, Mzee Gerson, aje kusema mwenzake amejitoa. "Siwezi kuweka posa juu ya posa, mwanangu. Watu watatuonaje?" Mama anamenya viazi. Yaani nimeshikwa na mtu ambaye hayupo.

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbili za video za regex, yaani kanuni za kunasa maandishi yanayofanana, hapa hapa kazini steshenari, boss akidhani natengeneza kadi za harusi. Matunda yake:
@(.+\.)?shambanyota\.co\.tz$
Maana yake: njoo na kichwa chochote, mkia ukiwa huo, umekwisha. Na sizifuti tu. Kila moja inajibiwa yenyewe: "Zabron, mtume Mzee Gerson aje afunge maneno ya posa. Hadi hapo, sikusomi." Sita zimejibiwa kabla ya chai! Nimecheka peke yangu, mteja akaondoka na kopi zake nusu.

Jumapili, 9 Machi
Mzee Gerson kaja! Na koti la kanisani! Baba kavaa viatu, mama katoa vikombe vya wageni. Mimi jikoni, sikio ukutani. Nikamtumia Lutengano meseji: jiandae.
Wakasalimiana mpaka afya ya ng'ombe. Mzee akakohoa, akaomba niitwe.
"Mwanangu, nasikia wewe unajua kuzuia hivi vitu." Akanipa simu yake.
Mpendwa Gerson, je, udongo wako uko tayari?
Baba akamuuliza Zabron yuko wapi. Kumbe hata Mzee anamtafuta tangu Krismasi, na bila neno lake hawezi kufunga chochote.
Lutengano anauliza aje lini.
Mzee nimemwekea kanuni ile ile. Tangu saa tisa hajapata hata moja.