Kompyuta ya Mama na Ruta Mpya

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka. Ruta ya zamani imekufa, fundi kaleta mpya — antena nne, taa kama za disko. Simu yangu imeingia mara moja. Kompyuta ya Mama haiuoni hata huo mtandao. Fundi anasema ruta imewekwa masafa ya gigahezi 5, ya kasi. Vikongwe wanajua 2.4 tu. Mama kauliza, kikongwe nani? Fundi kawasha 2.4 haraka. Kasema itafika mpaka getini, zaidi ya hapo tusitegemee.

Jumanne, 4 Machi
Inauona mtandao ila inagoma kuingia. Fundi kwa simu: ulinzi ni mpya mno kwake, ushushe uwe WPA2, ule wa zamani. Nimeshusha. Sasa kompyuta inataka ruhusa ya msimamizi kabla ya kubadili chochote. Msimamizi: Bosi Mdogo. Yaani mdogo wangu! Na michoro ya nguo za wateja wa Mama iko humo humo, siwezi kuifuta yote nianze upya.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwandikia Bosi Mdogo. Kasoma. Kimya. Tangu walipogombana na Mama kuhusu mchumba wake, akahama, mwaka umepita. Mama hamtaji, anasema "yule". Kila mmoja ananidodosa habari za mwenzake, halafu anajifanya hakuuliza. Nimechoka kuwa mjumbe wa watu wasiotaka kukiri kwamba wamenituma.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi kanipa njia: ruta mpya ipewe jina na nywila ya ile ya zamani. Kompyuta itaingia yenyewe, haitajua kama kuna kilichobadilika. Jina nalikumbuka. Nywila aliiweka yule — ona, na mimi nimeanza.

Nikamwuliza Mama, basi tu. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Akasema, "Kitindamimba. Herufi ndogo zote." Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita. Kisha akaulaumu uzi kuwa mbovu, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Kompyuta imeingia. Nilitaka kufurahi, nikaishia kulia kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Alasiri. Mama yuko kwenye kompyuta yake, anailaumu kuwa ni nzito. Simu yangu imelia. Ni ile programu ya ruta, hunijulisha kila kifaa kinapoingia.

"Bosi Mdogo ameunganishwa."

Simu yake bado inaikumbuka nywila ya nyumbani. Imejiingiza yenyewe, mwenyewe pengine hata hajui. Na mtandao wetu hauvuki geti.

Nimesubiri abishe hodi. Habishi. Ningeweza kwenda kufungua. Siendi. Safari hii simpelekei mtu salamu za mtu.

Nimemwekea Mama simu mbele yake. Kavaa miwani. Kasoma. Kaniuliza hii maana yake nini, nikamwambia maana yake yuko hapo nje.

Ameinuka, kavaa kandambili, kafika mlangoni. Amesimama. Mkono uko kwenye komeo, na bado hajalivuta —