Mianzi Niliikausha Mwenyewe

Kambi ya wapasua mbao,
Milima ya Poroto, juu ya Uyole,
Mbeya

Kaka yangu Benedikto,

Kamwene! Nakusalimu kutoka kwenye baridi ya Poroto, ambako asubuhi hata msumeno haushikiki. Mimi mdogo wako ni mzima, nakula vizuri, mashavu yamejaa. Je, wewe, shemeji na watoto hamjambo? Na miguu ya mama imepoa? Mwambie blanketi lake nimekwisha kununua, jekundu kama alivyotaka.

Najua umeshtuka. Miaka mitatu kimya, leo barua. Tulia usikilize.

Hapa kambini mimi ni mtu, usicheke! Tunapasua mbao wawili wawili. Mmoja husimama juu ya gogo na kufuata mstari, mwenzake yuko chini shimoni anavuta msumeno, unga wa mbao ukimwingia machoni. Wa juu nilikuwa mimi. Wa chini ni Ambakisye, Mnyakyusa mtu mzima aliyepigana vita kule Burma, mpole kama wewe.

Baada ya Pasaka tulipewa gogo zuri sana, mbao zake zilikuwa za milango ya kanisa. Zikatoka zimepinda, huku nene, huku nyembamba. Mnyapara alipofika, hata hajauliza, nikadakia: "Ni huyu wa chini! Anauvuta msumeno ovyo ovyo!" Ambakisye akapanda kutoka shimoni, akajifuta macho, akasema, "Lazaro, mimi huko chini mstari siuoni. Anayeuona ni wewe." Mnyapara akamwambia afungashe vitu vyake aende.

Kaka, moyo ukafanya paa! Maana nilikusikia wewe. Unakumbuka siku ile kilabuni, mbele ya watu wote, nilipopiga kelele kwamba umenikaushia mianzi yangu ya kugema ulanzi kwa kijicho? Uliniuliza jambo moja tu: "Kisu kilikuwa mkononi mwa nani?" Nikakumwagia ulanzi usoni, na kesho yake nikapanda lori.

Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Ulinifundisha kukata ncha ya mwanzi asubuhi na jioni, kipande chembamba kama ukucha, ulanzi utiririke bila kuuchosha mwanzi. Mimi nikakata vinene kama kidole, tena mara nne kwa siku, ili mbeta zangu za kukingia ulanzi zijae kabla ya zako na watu waseme Lazaro ni mgemaji kumpita kaka yake. Mianzi ikanikaukia wakati yako bado inatoa. Nilijua kwa nini, tangu siku ile ile nilijua, na bado nilikutukana.

Basi nikamkimbilia mnyapara. "Bwana, mstari nimeupotosha mimi. Nilikuwa najisifu kwa watu wa gogo la pili, macho hayakuwa kwenye kazi." Nikajua nimekwisha, kesho niko njiani. Lakini mnyapara akamrudisha Ambakisye na kumpandisha juu ya gogo, mimi akanishusha shimoni.

Nilishuka kifua mbele. Unanijua, mimi hujivunia viatu, sauti yangu ya kuimba, hata masharubu haya machache. Ila sijapata kujivuna kama siku ile nilivyoingia shimoni. Miezi miwili nimekula unga wa mbao, na juzi Ambakisye mwenyewe ameniita nipande tena.

Sasa lililobaki ni letu. Siku naondoka mama aliapa hataonja ulanzi wa mkono wako wala wa mkono wangu mpaka tumpelekee pamoja, na kosa la kumnyima misimu yote hii ni langu. Mvua zikianza nakuja. Nataka ukate wewe, mimi nishike mbeta. Ukikataa kunipokea sitakulaumu, ila niambie kabla.

Mwalimu wa dini, wewe unayemsomea kaka yangu, nakusalimu, na hapa nakuomba usiruke. Ukimaliza, usiikunje barua hii. Ipeleke kilabuni Jumapili watu wakiwa wamejaa, simama pale pale nilipommwagia ulanzi, uisome yote tangu mwanzo kwa sauti ya kanisani. Waliosikia matusi ndio wasikie na haya.

Nisalimie shemeji aliyekufuta uso siku ile, na mjomba aliyenifukuza kwa fimbo, alifanya vema. Mama mpe mikono yangu miwili.

Ni mimi mdogo wako, niliyeshika kisu,
Lazaro