Neno Alilosema Baba Yako Nyuma ya Ukuta

Mtaa wa Stesheni,
Same.
14 Septemba, 2024.

Mpendwa dada Saada,

Shikamoo dada. Assalaam alaykum wewe, shemeji Amiri na watoto. Natumaini joto la huko Mpanda linavumilika na kifua cha Sabrina kimetulia. Sisi huku tunasukuma siku kwa uwezo wa Mungu. Mama, yaani shangazi yako, mguu bado unamsumbua asubuhi, lakini sokoni Hedaru anakwenda, na akishafika huko mguu haumuumi tena mpaka saa ya kurudi kuosha vyombo.

Utashangaa kupata barua. Siku hizi nani anaandika barua? Mwezi huu nimekupigia simu mara nne, na mara zote nimeishia kukuuliza bei ya mchele. Najua ulikuwa unajiuliza mchele wa Mpanda umenikaa vipi rohoni ghafla. Ukweli ni kwamba ukisema “haya, sema,” unasema kama Mjomba, baba yako, kabisa, na mimi narudi kwenye mchele. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Nianze na habari njema. Mwezi wa saba nilimaliza uanagenzi na nikapewa cheti. Sasa mimi ndiye mwendeshaji wa boila pale kiwanda cha sabuni, zamu ya asubuhi. Ndiyo zamu ya baba yako. Ovaroli nimepewa mpya, ila kiti ni kile kile alichokifunga miguu kwa mpira wa baiskeli.

Hujawahi kuingia mle ndani, kwa hiyo nikueleze kidogo. Boila ni pipa kubwa la chuma lililolala ubavu. Chini tunachoma magogo ya mikaratusi, feni inapuliza moto, maji yanageuka mvuke, na mvuke unakwenda kupika sabuni. Mbele kuna geji ya kupimia nguvu ya mvuke, kioo cha kuonyesha maji yamefika wapi, na swichi zote. Pampu inayosukuma maji kuingia ndani iko nyuma ya ukuta, kwenye uchochoro ambao watu wawili hawapishani. Maji yenyewe yanakuwa ya moto tayari, karibu ya chai.

Miezi mitatu ya kwanza Mjomba alinipa koleo na majivu, basi. Nilinuna sana. Mdomo wangu unaujua, nilimwambia sikuja kujifunza kuzoa majivu, jikoni kwa Mama yapo tele. Akacheka akasema boila haiogopwi, inaheshimiwa kama mama mkwe, na kwa mama mkwe huanzi kwa kushika mwiko. Baadaye akanifundisha kusoma kioo, kutoa tope la chumvi chini ya boila kila zamu, kwa sababu maji yetu ya Same unayajua, na kusikiliza pampu kwa sikio. Dada, nilimpenda yule mzee kuliko nilivyowahi kumwambia.

Masikio yake yalikuwa yameshachoka kwa miaka ishirini na sita ya feni na mvuke. Akiwa nyuma ya ukuta hanioni, kwa hiyo kila baada ya muda alikuwa anapaza sauti: “Mzima?” Nami najibu: “Mzima!” Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kutwa nzima. Feni ile inameza herufi. M ya mwanzo ilikuwa hainifikii kabisa, nilikuwa nasikia “zima” tu, na jibu langu likawa ni hilo hilo, mzima, mzima, kama kasuku.

Kwa sababu hiyo hiyo alitunga sheria. Mle ndani mtu hasemi zima. Ukitaka pampu isimame unasema “Kata!” Nyumbani zima taa, zima redio, lakini kazini ni kata. Alinirudia hilo kila siku mpaka nikawa naliota.

Ile Jumanne ya mwezi wa tano, ungio la bomba la pampu lilikuwa linatoa matone. Mjomba akaenda nyuma kulitazama, pampu ikiwa inafanya kazi, maana alitaka kuona linavuja wapi. Mimi nilibaki mbele. Nikasikia sauti yake, na neno lililonifikia lilikuwa lile la kila siku. Nikajibu: “Mzima, Mjomba!” Swichi ilikuwa hapa, naifikia bila hata kunyoosha mkono. Ungio likafumuka. Maji yale yote yalimpiga usoni na kifuani, na kutoka kwenye uchochoro ule lazima upite mbele ya hilo hilo bomba.

Hakuwa ananijulia hali. Alikuwa ananiambia nizime pampu. Sheria ya kata aliitunga yeye mwenyewe, lakini mtu aliyeona maji ya moto yanamjia hachagui neno, anatoa lile alilozaliwa nalo.

Haya hujawahi kuyasikia kwa sababu mwenyewe aliyaficha. Siku ya tatu hospitalini, msimamizi wetu Hezroni alikuja na daftari kuandika taarifa. Nilikuwepo, nimesimama miguuni pa kitanda. Mjomba akasema kwa taabu kwamba hakuita mtu, kwamba alifungua nati pampu ikiwaka, haraka zake tu. Akawa ananitazama mimi wakati anasema hivyo. Mimi nikatazama dripu. Hezroni akaandika uzembe wa mwendeshaji, na siku ya tisa Mjomba akatutoka.

Nawe ukaja kumzika ukiwa na taarifa hiyo. Nakumbuka ulivyosema jikoni kwa Mama, kwamba mtu mzima na uzoefu wake wote anafanya kosa la mwanafunzi, na kuwaacha watu wake kwa kutokujali. Arobaini hukuja. Mama anasema ni umbali. Mimi najua ni hasira, na kila siku iliyopita nikiwa nimenyamaza, nilikuwa naizidishia moto.

Umeona kwamba kwenye salamu sikukuandikia kuwa mimi ni mzima. Siliwezi hilo neno. Watu wananiuliza njiani, hujambo Ummy, mzima? Nami nawajibu habari za upepo.

Na bado siwezi kulikwepa. Kila asubuhi, saa moja na nusu, bomba linapopata joto, nyuma ya ukuta kunagonga mara mbili, halafu inatoka sauti ndefu kwenye chuma, na mwisho wake ni neno lile. Najua ni nini. Ni maji yaliyolala kwenye bomba, mvuke unayasukuma, Mjomba mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Nimebadilisha gasketi, ule mpira wa kuziba ungio, nimekaza nati zote, nimetoa maji mpaka tone la mwisho. Bado linasema. Siku za kwanza nilikuwa najibu, nikawa nageuka kuangalia kama kuna mtu kanisikia. Sasa nikilisikia nazima pampu, nakwenda nyuma kutazama. Uchochoro mtupu, sakafu kavu. Narudi, nawasha. Kuna siku linarudia kutwa, nimezima mara kumi na moja. Hezroni analalamika kwamba sabuni inachelewa kuiva na kwamba sijui nimeingiwa na nini. Naogopa, dada, sitaki kukudanganya. Siogopi mzimu. Mjomba hakuwa mtu wa kumsumbua mtu. Naogopa kwamba siku moja nitazoea, na nitaacha kwenda kutazama.

Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimejifunga nguo saba. Kilichonivua ni wanagenzi wapya. Wamekuja wanne wiki iliyopita, na Hezroni akawapanga mbele ya boila kuwafundisha usalama. Mfano wake ukawa baba yako. Akawaambia palikuwa na mzee hapa, Abubakari, alijiona anajua sana, akafungua nati pampu ikiwaka, msiwe kama Abubakari. Wale vijana wakaandika jina kwenye madaftari yao. Nilimwona msichana mmoja, Nasrin, analipigia mstari chini.

Sikupanga. Nilisema pale pale, ovaroli ina majivu, kwamba mzee hakufungua nati yoyote, aliita, na aliyekuwa kwenye swichi ni mimi. Feni ilikuwa inavuma, ikabidi nirudie kwa kupiga kelele. Hezroni akanitoa nje, akaniuliza kama nina homa. Baadaye akaamini. Jumatatu watu wa makao makuu wanakuja kunihoji, na huenda cheti kikarudi kule kilikotoka. Nikikosa kazi nitapanda Usangi nikalime, maharage hayaulizi cheti. Lakini wale wanne wamefuta jina lile, nimesimama juu yao mpaka wamelifuta.

Kuna moja ambalo sijamwambia Hezroni. Jumatatu nitalisema, ila sikutaka lifike kwa mtu mwingine kabla yako.

Baba yako aliita mara mbili. Ya kwanza nilikosea kweli, hata leo naweza kuapa. Ya pili ilikuwa siyo swali. Sauti ilikuwa imepanda, na sikio langu liliniambia kuna kitu. Lakini nilikuwa nimechoka kuulizwa kutwa nzima, nikaona mzee ananifanya mtoto, nikamjibu kwa kero: “Mzima bwana, nimeshasema!” Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu akiwa na ngozi yake. Na yeye, akiwa hana hata nguvu ya kumeza maji, akatumia pumzi yake kunikinga.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba umrudie baba yako, umsomee dua, uwaambie watoto wako jinsi alivyokuwa fundi. Hasira uliyoipeleka kaburini Hedaru ilipotea njia, dada. Nyanyuka nayo pale, uniletee mimi.

Nisalimie sana shemeji Amiri, mbusu Sabrina, na umpe salamu mama Redempta, jirani yako, karanga zake tulizila zote. Mungu awafunike kwa rehema zake, na amlaze Mjomba mahali palipo baridi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininyamazia,

Ummy