Neno Moja: Shuka

Likasi, 3 Juni 2024

Kwako mudogo wangu Elikia,

Jambo. Uko muzima huko Kakanda? Kifua yako na ile vumbi ya mashimo ya madini, inakuachilia? Huku tuko tu, na tumechoka.

Papa, baba yetu, alianguka ku mulango ya kanisa, upande moja wa mwili ukakufa. Minye peke yangu namunyanyua, namuosha, namulisha. Najua alikufukuza ku nyumba wakati ulibatizwa mara ya pili kwa bapentekote. Miaka mitatu imepita, mudogo. Kuya umuone.

Yaya yako,
Mbombo


Kakanda, 12 Juni 2024

Kwa Yaya Mbombo, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia kwa jina ya Yesu. Mugongo yako je? Batoto? Simu yangu iliingia maji, njo maana natuma karatasi na Samy wa pikipiki.

Yaya, sikutaka kuamua na kichwa yangu. Nilifunga siku tatu, nikamuomba Mungu aseme: niende kwa Papa ao nibaki? Siku ya tatu, asubui, nilisikia wazi neno moja: Shuka. Nilimupelekea Pasta wetu Franck, akasema ni shimo yetu, ile tuliacha mu mwezi wa tatu. Bwana anataka tushuke tena. Basi ninashuka. Mungu akinipa, nitafika kwa Papa na mikono yenye kujaa. Mikono mitupu yangu anaijua tangu zamani.

Mudogo wako mu Bwana,
Elikia


Likasi, 30 Juni 2024

Kwako mudogo,

Unakula? Unalala? Nauliza tu, majibu nayajua.

Papa ameanza kusema, lakini neno moja tu. Shuka. Tunamushusha ku mukeka, anakasirika. Tunamurudisha ku kitanda: Shuka! Niliposoma barua yako nilicheka mupaka machozi, kwa kuchoka. Nikasema, eh, Mungu wa bapentekote na Papa wangu mugonjwa bamekosa neno ingine.

Kisha jana akaongeza: "Sitakupiga."

Elikia, nilikaa chini na bakuli ya uji mu mikono. Unakumbuka ule muti wa mapela, siku ulivunja radio yake? Ulibaki juu mupaka jua inazama, na Papa chini, shingo inamuuma, anakuita. Minye ni mukatoliki wa mishumaa na rozari, sijui namna Mungu anasema na batu. Lakini hiyo sauti, mwenyewe namujua. Toka mu shimo.

Yaya yako,
Mbombo


Kakanda, 24 Julai 2024

Yaya,

Unisamehe, salamu ni fupi. Barua yako ilikaa wiki tatu kwa Pasta Franck, minye nikiwa mu shimo kila siku. Shimo ilitupa maji na matope. Mikono imechubuka, na iko mitupu vilevile.

Nikuambie ukweli, ama nitaubeba mupaka kaburi. Ile asubui, sauti niliijua. Ilikuwa ya Papa kabisa, na kule kukohoa kwake mbele ya kusema. Niliogopa, Yaya. Kwa Pasta nilificha kikohozi, nikamupa neno tu, na neno likaenda ku shimo. Miaka yote nimelia Mungu aseme na minye. Aliposema, nikajichagulia pa kumutii.

Jumamosi kuna kamyo ya kuja Likasi. Mwambie Papa ku sikio: Elikia anashuka.

Mudogo wako,
Elikia


Likasi, 25 Julai 2024

Mudogo,

Sina nguvu ya salamu. Tangu Siku ya Mungu, ile Jumapili, Papa hafungui macho, na padiri amekwisha kumupaka mafuta. Nilimwinamia, nikamwambia vile uliandika. Nikangoja sana, nikafikiri hakusikia. Kisha akakohoa, akasema: "Polepole."

Ni vile alisema siku ile ya radio, wakati mguu yako ilikuwa inatafuta tawi.

Hilo moja, usimutii. Usingoje kamyo ya Jumamosi. Samy anayekupa karatasi hii iko na nafasi nyuma ya pikipiki yake. Panda sasa hivi.

Yaya yako,
Mbombo